Kitufe cha Mwembe Tayari

Sijui kuandika programu. Niseme mapema,
nisije nikavishwa kilemba cha mwenzangu.
Mimi ni mweka hazina wa chama cha kuzikana,
ghorofa ya pili, Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro:
majina mia tatu na kumi na mawili
kwenye lahajedwali ndefu kama foleni ya feri.

Kila mwisho wa mwezi nilikesha.
Mwachiro yupo mara tatu: Mwachiro, MWACHIRO,
na Mwachiro mwenye nafasi moja nyuma ya jina,
nafasi ambayo jicho haliioni
ila hesabu yaiona, yamfanya mtu mwingine.
Tarehe zimegeuzana, mwezi mbele siku nyuma.
Mistari mitupu kama mapengo ya mtoto wa miaka saba.
Nilifuta mmoja mmoja
hata adhana ya alfajiri ikanikuta, feni ingali yazunguka.

Akaja Lali, mpwa wangu, na flashi mfukoni.
"Shangazi, wewe husagi bizari.
Wanunua Marikiti ilokwishasagwa,
na pilau yako yaliwa hadi ukoko.
Basi na makro hizi ndivyo. Wamesaga wengine. Wewe tia tu."

Akanipangia vitufe vinne, kila kimoja na rangi yake.
Kijani kipanguse nafasi za ziada.
Bluu kinyoshe tarehe.
Manjano kigawe orodha: Likoni ukurasa wake,
Kisauni wake, Mikindani wake.
Chekundu kifute kila mstari
ambao safu ya kwanza haina kitu.

Nikabonyeza. Wallahi,
sijamaliza hamri moja
kazi ya usiku kucha imelala mbele yangu, imekatwa na kucha.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Saa kumi jioni niko Sabasaba
nanunua viazi karai nisivyovihitaji,
kwa kuwa tu nina wakati wa kuvinunua.

Jumatatu akaja Bi. Mishi Mwarora.
Akasimama mlangoni, hakukaa.
"Mmebandika orodha mpya. Silioni jina langu."

Nikatafuta. Nikapanda, nikashuka.
Hayupo.

Bi. Mishi hana nambari ya uanachama, hajawahi kuwa nayo.
Hatoi mia mbili za mwezi. Atoa mikono.
Ndiye aliyemwosha mama yangu,
na mama wa Mwachiro,
na yule mtoto wa Chaani
ambaye sote tulishindwa kumtazama.
Safu ya kwanza kwake tuliiacha tupu kwa heshima.
Kitufe chekundu hakikuambiwa habari ya heshima.

Na makro haina kutendua, mjue.
Ukishabonyeza, ule mshale wa kurudi nyuma
unakuwa kijivu, umekufa.
Nikampigia Lali. Akanyamaza kidogo.
"Shangazi, uliweka nakala kabla?"

Sikuweka.

Basi nikamwandika upya, herufi moja moja,
naye amesimama, mkoba kwapani, anatazama kioo.
"Nambari niweke ngapi, Bi. Mishi?"
"Weka utakayo. Mimi nilidhani mmeshanizika,
nikawa najiuliza ni nani aliyeniosha."

Alicheka yeye. Mimi sikuweza.

Nikaweka nukta.
Moja tu, kwenye safu ya kwanza, ndogo kama punje ya ufuta.
Vitufe natumia hadi leo, sitadanganya,
na mwisho wa mwezi nalala kwangu.
Lakini kwanza bismillah, kisha nakala, kisha kidole.
Chekundu kikishuka mstari kwa mstari
hufika pale, huikuta nukta,
hupita.